Siku Zangu Zilinikuta Njia ya Kondoa

Mama mkwe wangu alinimwagia jagi zima la juisi siku ile ile aliyoniona kwa mara ya kwanza. Halikumponyoka. Alilipindua kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya ndugu zake na ndugu zangu, na hadi leo nikikumbuka nahisi baridi ikinishuka mapajani.

Nilikuwa nimepelekwa Kondoa kutambulishwa. Mchumba wangu ni Mrangi na Muislamu. Mimi ni Mgogo, na marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti. Vikao vya ndoa yetu vilikuwa virefu na vichungu, na wazee wa pande zote mbili walipokubali, walikubali kwa shingo upande. Kila upande ulikuwa unasubiri mwenzake akosee kidogo tu, upate sababu ya kuvunja.

Tuliondoka Ipagala, Dodoma, asubuhi, watu watatu ndani ya gari la baba mdogo. Yeye aliendesha. Shangazi, aliyekuja kutoka Kongwa na gunia la karanga, alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na dumu la juisi ya zabibu miguuni, zawadi yetu kwa wakwe. Nilikuwa nimevaa gauni la rangi ya maziwa, lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo.

Tulipoipita Mayamaya tumbo likaanza kunikata chini ya kitovu. Nilishtuka. Nilijua siku zangu bado, na sijui kama ni hofu ya ukweni ndiyo iliyozivuta. Pedi nilikuwa nazo, lakini zilikuwa ndani ya begi, begi likiwa nyuma kabisa, na juu yake limelala gunia la karanga. Kulipata ilikuwa lazima gari lisimame na baba mdogo anyanyue gunia, na kabla ya kunyanyua aulize kwa nini. Nyumbani kwetu maneno hayo hayakuwahi kutamkwa mbele ya mwanamume. Nikatoa kitambaa cha mkononi, nikajisetiri kwa kujifichaficha, nikabana magoti.

Kabla ya Chemba baba mdogo aliegesha pembeni.

"Nani anachimba dawa?" akauliza.

Nilitazama nje. Kilikuwa kiangazi, vichaka vimebaki fito tupu. Mtu akichuchumaa pale angeonekana kutoka barabarani hadi mlimani. Na baba mdogo alikuwa ameshashuka, ameegemea nyuma ya gari, pale pale lilipo begi langu.

"Sina haja, baba," nikasema.

Tangu alfajiri sikuwa nimekunywa maji, nikidhani nikijinyima nitapunguza shida ya choo njiani. Nilichopata ni kichwa kuuma pamoja na tumbo. Nikahesabu kwamba nikifika nitaomba msalani kabla ya kuketi. Mambo hayakwenda hivyo. Tulipofika tulipokelewa mlangoni na wajomba wa mchumba wangu, wanaume wanne wa heshima, kofia kichwani, na mmoja akanielekeza moja kwa moja kwenye kochi kubwa. Kochi lilifunikwa vitambaa vyeupe vilivyodariziwa. Ningekataaje? Nikakaa.

Mazungumzo yakaanza. Juisi yetu ikamiminwa kwenye jagi la kioo, ikawekwa mezani kwa sifa nyingi. Ndipo mama mwenye nyumba akaingia kutoka uani, mwanamke mrefu, mtandio mweusi, uso haucheki. Nikainuka, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Aliangalia nyuma yangu, kwenye kochi, kwa muda wa pumzi moja. Kisha akasema, "Marahaba. Kaa, mwanangu. Kaa upesi."

Nikakaa. Akachukua jagi kama anayetaka kunimiminia, akasogea, akanisimamia. Kisha akalipindua.

Juisi nyeusi ilinimwagikia kuanzia kifuani hadi magotini, ikaenea kwenye vitambaa vyote, ikatiririka hadi kwenye zulia. Nilimwona mchumba wangu amesimama mlangoni, mikono imemning'inia kama si yake.

"Yesu wangu!" Shangazi aliruka. "Zawadi yetu? Unammwagia binti yetu zawadi yetu?"

"Mikono yangu," alisema yule mama. "Nisameheni. Mikono imezeeka."

"Mikono gani! Nimekuona!"

Baba mdogo alishasimama, ufunguo wa gari mkononi. Mjomba mmoja akaanza kusema haya ndiyo waliyokuwa wakiyaogopa. Mimi nilikuwa nikifikiri jambo moja tu: basi, ananichukia kiasi hiki. Yule mama alivua mtandio wake, akanizungushia kiunoni kabla sijainuka, akanishika mkono na kunipeleka chumbani kwake. Akafunga mlango kwa komeo.

"Vua," akasema.

Nilikuwa nalia. "Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Umeingia mwezini, mwanangu. Umechafuka, na kochi limechafuka. Ningekuita uje huku, ungeinuka na kaka zangu wote wangeona. Unadhani wangesahau? Wangekutaja kwa jambo hilo mpaka wajukuu zako wazaliwe. Juisi wataisahau kesho."

Nilitazama gauni. Zabibu ilikuwa imemeza kila kitu, hakuna jicho ambalo lingetofautisha. Nikakaa chini sakafuni.

Aliniletea ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni, kanga ya rangi ya kahawia iliyokolea, na kitambaa laini cha pamba, safi, kilichokunjwa vizuri. Alinigeuzia mgongo nilipokuwa nikioga, na huku amenigeuzia mgongo akanisimulia jambo.

Katika usichana wake alikuwa akifanya biashara ya alizeti. Alikuwa akisafiri juu ya lori kutoka Kondoa kwenda Dodoma, amekaa kwenye magunia pamoja na wanaume, barabara ikiwa bado vumbi na mashimo. Siku moja siku zake zikamkuta huko juu. Utingo akaona doa kwenye gunia, akapiga kelele, dereva akasimamisha. Wakasema damu ya mwanamke itatia mkosi mzigo wa watu. Wakamshusha porini, yeye peke yake, magunia yake yakaenda.

"Wakakuacha?" nikauliza.

"Wakaniacha. Nikatembea mpaka jua likazama. Mume wangu alikufa sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza kusikia."

Aliyasema hayo kwa sauti kavu, kama anayetaja bei ya mahindi sokoni. Mimi nilisimama na maji yakinichuruzika. Nilikuja nikiogopa ukali wake. Sasa sikujua niogope nini.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "Toka! Tunaondoka!" Alikuwa shangazi.

Nikajifunga kanga, nikamfungulia, nikamvuta ndani, nikamweleza kwa Kigogo kwa maneno machache. Hasira ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye chungu kilichopasuka. Aliangalia gauni sakafuni, akamwangalia yule mama, akaketi kitandani bila kukaribishwa. Baadaye akasema, "Dada, beseni liko wapi? Nikafue hivi vitambaa mwenyewe."

"Wewe ni mgeni wangu."

"Mgeni wa nini tena?"

Walifua pamoja uani. Kisha shangazi akarudi sebuleni, akawatangazia wanaume kwamba yamekwisha, tunakula. Baba mdogo alitaka kujua yamekwishaje. "Yamekwisha," alirudia, na kwa ile sauti yake hakuna aliyeuliza tena. Hadi leo wajomba hawajui. Humwambia mama mkwe kwa utani asibebe jagi.

Kabla hatujaondoka aliniita tena chumbani. Akanipa kitambaa cha pili, mfuko wa kuweka kilichotumika, kanga ya kukunja na kukalia. "Na maji unywe," alisema. "Mwanamke anayejinyima maji safarini anajiongezea maumivu. Begi lako likae miguuni, si chini ya mizigo. Na ukihitaji gari lisimame, sema. Mimi nilinyamaza kwenye lile lori nikisubiri tufike."

Tulipita Chemba jua likiwa bado juu. Kitambaa kilikuwa kimelowa, nikahisi. Nikainama mbele.

"Baba mdogo, nipo kwenye siku zangu. Naomba usimame mahali penye choo."

Gari liliyumba. Sijatia chumvi, liliyumba kweli, na shangazi akashika dashibodi kwa mikono miwili. Baba mdogo hakugeuka. Nilimwona kwenye kioo, macho yamemtoka, shingo imekakamaa. Akaendesha kwa mwendo ambao sijawahi kumwona akiendesha, akakipita kituo cha kwanza cha mafuta kwa sababu, kama alivyosema kwa sauti ndogo, choo chake hakina mlango. Akasimama cha pili. Alishuka, akaenda mwenyewe kuulizia maji, akarudi na ndoo imejaa, akaiweka mlangoni mwa choo, akasogea mbali na kutazama barabara.

Ndoa tulifunga bomani miezi michache baadaye. Baba mdogo ndiye aliyetuendesha, na kabla ya kuwasha gari aliniuliza, akitazama usukani, "Begi lako liko miguuni?"