Filamu ya Mwanafunzi Asiyejifunza

Mwaka wa tatu wa kujifunza ufinyanzi kwa shangazi yangu, nilikuwa bado sijaruhusiwa kuchoma hata chungu kimoja. Nilichimba udongo bondeni, nikaukanyaga, nikachambua vijiwe. Nikifinyanga chungu, shangazi alikitazama, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikarudi kuwa bonge.

"Mdomo wa chungu umelala," alisema. "Rudia."

Ndipo tangazo la sinema likabandikwa kwenye duka la ushirika la kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Kaengesa. Lilikuwa na picha ya mzee wa mazingaombwe mwenye fimbo, na kijana amepiga magoti mbele yake. Shangazi hakujua kusoma, lakini picha aliielewa.

"Huyu anafundishwa kazi," alisema. "Twende tukaone wenzetu wanafundishwaje."

Mwenyekiti wa kijiji alituruhusu kukosa shamba la pamoja Jumamosi hiyo, tukaahidi kufidia palizi Jumatatu. Tulipanda lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia hadi Sumbawanga, upepo ukitukata masikio. Shangazi alivaa kitenge chake cha kanisani. Hakuwa ameona sinema maisha yake yote.

Saa nane mchana tulikuwa kwenye ukumbi uliozibwa madirisha kwa mablanketi. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo karani mmoja kutoka Mbeya alisimama kando ya kitambaa cheupe cha sinema akitafsiri.

Ilianza vizuri. Mzee alimwokota kijana sokoni, akampa fagio. Shangazi alinigusa goti. "Umeona? Fagio kwanza."

Kijana akafagia mara moja. Mara moja tu! Kisha maadui wakaja, mzee akauawa, kijana akavaa pete ya mzee, na papo hapo akaanza kuruka angani na kupasua milima. Watu wakashangilia. Mimi nilihisi kama nimetukanwa. Miguu yangu ilikuwa na nyufa za udongo wa miaka mitatu, na huyu hata hakumaliza kufagia uwanja!

"Baba," shangazi alisimama, akamwita karani kwa sauti, "amejifunza lini?"

"Hakujifunza, mama. Pete imemchagua."

"Imemchagua kwa kazi gani aliyofanya?"

"Ana damu ya kifalme. Alizaliwa hivyo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Bibi, kaa chini, hapa si kilabuni!"

Shangazi akaketi, akajifunika kitenge hadi kidevuni. Hilo ndilo lililonichoma kuliko filamu yenyewe. Taa zilipowashwa nilimfuata mwendesha mashine ya sinema.

"Ndugu, tangazo lenu ni la uongo. Mmeonyesha mwanafunzi. Mwanafunzi yuko wapi?"

"Dada, hii ni burudani," alisema, akiendelea kuzungusha mkanda. "Ukitaka mafunzo nenda shule."

Nilimshika shangazi mkono tukatoka, na hadi leo nakasirika nikikumbuka maneno yale.

Nilidhani shangazi ataisahau. Kumbe, wakati wa kupura ulezi, nilimsikia akiwasimulia wanawake filamu ile. Katika simulizi yake, kijana alifagia miaka saba. Alichota maji, alikosea, akapigwa na radi aliyoiita mwenyewe, akaanza upya. Mzee hakufa mpaka amemwona mwanafunzi wake akifanya kazi bila kukosea. Wanawake waliacha kupura wakasikiliza. Nilitaka kusema haikuwa hivyo, nikashindwa, kwa sababu ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Filamu iliporudi mjini, jirani yetu alikwenda kuiona kwa ajili ya simulizi hiyo. Alirudi kesho yake amenuna, akaja moja kwa moja uani kwetu.

"Wameiharibu," alimwambia shangazi. "Sehemu zote nzuri wamezikata!"

"Hata ile miaka saba?"

"Yote."

Shangazi alitupa bonge la udongo chini. "Watu hawa hawana aibu," alisema, na siku nzima hakuna aliyeweza kumtuliza.