Mtia chumvi wa Voi anataka kulala kwa mama yake

Jua la Voi linapoanza kuuma mabega, Philemon Mwakio huwa ameshatandika ngozi kadhaa kwenye sakafu ya banda la mzee Musyimi, karibu na reli. Anainama, anakwangua mafuta yaliyobaki, kisha anachota chumvi nene kwa mkono na kuisugua kutoka uti wa mgongo kwenda pembeni, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Halafu anafanya jambo linalowashangaza wageni wa banda hili. Anafungua kikopo chake cha pembeni, anachota chumvi kidogo kwa ncha ya kidole, anailamba na kufumba macho.

"Hii yangu ni ya dukani," anaeleza, akicheka. "Ile ya ngozi Mama Mghoi alinikataza. Anasema ina manyoya."

Mama Mghoi ndiye mkewe, Edith Wakesho, fundi wa kushona nguo sokoni, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya binti yao wa kwanza. Ukitaka kujua kwa nini Philemon yu hai mwaka huu wa 1979, itabidi ufike hadi kwenye cherehani yake.

Philemon, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, ana ugonjwa ambao watu wengi hapa Taita hawajausikia. Juu ya kila figo, alielezwa hospitalini, kuna tezi ndogo. Tezi hizo hutoa kemikali zinazompa mtu nguvu ya kuamka, kustahimili homa na kuishika chumvi mwilini. Za Philemon ziliharibiwa na kifua kikuu alichougua akiwa kijana. Kifua kilipona, lakini tezi hazikupona.

Yeye mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba nguo zilianza kumpwaya, akisimama ghafla dunia inazunguka, na ngozi yake inazidi kuwa nyeusi mpaka kwenye mistari ya viganja. Majirani wakasema ni jua. Wengine wakasema amelogwa na wauza ngozi wa mji mwingine, na waliosema hivyo hawakukosa jina la kutaja.

Kisha ikaja tamaa ya chumvi. Philemon alianza kula chumvi ya banda kwa siri, mafungu mazima, huku amewapa watu mgongo. Mzee Musyimi, Mkamba mwenye sauti ya kusikika mpaka stesheni, akaona gunia linashuka kabla ya wakati wake.

"Nilidhani ananiibia aende kuuza," anakumbuka Musyimi. "Nikajificha nyuma ya ngozi nimshike. Nikamkuta anatafuna! Nikajiuliza, sasa huyu nimpeleke polisi ama nimpeleke kwa daktari?"

Alimpeleka kwa daktari. Akampandisha treni mpaka hospitali kubwa ya Mombasa, na kumsindikiza hadi ndani. Daktari alipouliza mgonjwa anapenda kula nini, Musyimi ndiye aliyejibu: "Chumvi yangu." Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamwambia Philemon afunue midomo, akatazama ufizi uliojaa mabaka meusi, na siku hiyohiyo akamlaza apimwe damu.

Alitoka na vidonge, na maelezo ambayo hata leo huyasema kwa utulivu wa mtu anayetaja majina ya watoto wake. Kuna haidrokotisoni, inayofanana kabisa na ile kemikali ya mwili wenyewe. Hiyo humezwa zaidi ya mara moja kwa siku, na dozi kubwa ni ya asubuhi. Kuna predinisoloni, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kwa kawaida hupatikana kwa urahisi. Yeye amewahi kutumia zote mbili, kila moja kwa wakati wake, kwa amri ya daktari. Na kuna kidonge kidogo sana cha kuzuia chumvi isipotee, ambacho huadimika. Kikikosekana, daktari humwongezea chumvi ya kula.

"Lakini mambo makubwa ni mawili," anasema Philemon. "Nisiache dawa hata nikijisikia simba. Na nikipata homa, naongeza dozi vile daktari alinipimia. Nikitapika na vidonge visikae tumboni, hapo ni sindano mara moja, halafu hospitali."

Jambo hilo la kwanza alilijua. Kulivunja ndiko kulikomponza.

Nyumbani kwao ni Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, ambako ndovu hula mahindi kabla ya mwenyewe na mvua ikinyesha magari hayapiti. Huko ndiko anakoishi mama yake, bibi Mkawasi, ambaye macho yake yameshaanza kuona ukungu. Miaka mitatu iliyopita Philemon alikwenda kumsalimia, na mama akaita ndugu waje kumtasia.

Kwa Wataita, hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu inaweza kumlaza mtu kitandani. Dawa yake ni kutasa: kila mwenye kinyongo anakitaja hadharani, anachukua funda la pombe au maji kutoka kwenye kibuyu, anapuliza nje na kumwombea mgonjwa heri. Siku hiyo walitema yote. Ami yake alitema ugomvi wa mpaka wa shamba. Dada yake alitema mbuzi aliyeahidiwa na asimwone. Mama mtu, akilia, alitema hasira kwamba mwanawe alihamia Voi na kumwacha na ndovu.

"Sijawahi kuwa mwepesi namna hiyo," anasema Philemon. "Niliona nimepona. Mama akaniuliza, 'Sasa vidonge vya nini tena, mwanangu, na moyo umeoshwa?' Nikaona ni kweli. Nikimeza tena itakuwa kama nimesema ndugu zangu hawakutema kwa dhati."

Akaviacha rafuni. Kabla ya juma kwisha alikuwa anatapika, hajui jina lake, na mvua imekata njia. Ndugu walewale walimbeba kwa machela kwenye matope mpaka Maungu, kwenye barabara kuu. Alipozinduka hospitalini, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Edith. Hakumsalimu. Alikuwa analia kwa hasira.

Tangu hapo daktari alimkataza kulala mahali pasipo na mtu wa kumdunga sindano. Rukanga hakuna. Kwa hiyo Philemon hajalala kwao. Huko nyuma mama akaanza kuamini kwamba mwanawe anamwogopa, na kwamba kibuyu chake ndicho kilichotaka kumwua. Akawa anatuma salamu kwa madereva wa malori, kila mara akiuliza kama atasamehewa kabla macho hayajafunga kabisa. Salamu hizo zilimkondesha Philemon kuliko ugonjwa.

Edith ndiye aliyechoka kumwona hivyo. Mwanamke huyu hukimbia kuku akichinjwa, na mtaa wote unalijua hilo. Lakini daktari aliporidhia, alikwenda kwa nesi Phoebe wa zahanati ya misheni na kumwambia, "Sista, nifundishe kudunga."

Alifanya mazoezi kwa papai bichi. Akajifunza kuchemsha bomba la kioo, kuchanganya unga wa haidrokotisoni na maji yake, kutoa hewa, kulenga upande wa nje wa paja. Philemon anasema nyumba nzima ilikula papai lenye matundu mpaka watoto wakagoma.

"Ananicheka," Edith anajibu kutoka kwenye cherehani, bila kuinua macho. "Mwulize mwezi wa tatu alicheka?"

Mwezi wa tatu Philemon alishikwa na malaria. Adhuhuri moja alianza kutapika, kila kidonge kikirudi, akawa analegea kama kitambaa. Edith alichanganya unga na maji yake, akatoa hewa. Akamdunga, huku akifoka: "Baba Mghoi, ukinifia hapa sitakusamehe, unasikia?" Ndipo akapiga yowe kwa mzee Musyimi, aliyekuja na pikapu ya kubebea ngozi. Hospitalini walimwekea maji ya chumvi na dawa zaidi. Daktari akamwambia Edith kwamba sindano ile ndiyo iliyomfikisha mgonjwa akiwa hai.

"Nilisikia harufu ya ngozi kwenye hilo gari nikajua bado niko duniani," anasema Philemon. Mzee Musyimi, anayesikiliza mlangoni, anafuta uso kwa kofia na kusingizia vumbi.

Sasa daktari amewaruhusu. Krismasi hii, kama njia itakuwa kavu, Philemon na Edith watakwenda Rukanga wakiwa na vidonge vya kutosha na vya akiba, bomba la kioo, na chupa za dawa ndani ya kopo la majani ya chai. Watalala huko.

Bibi Mkawasi ameshapata habari. Jibu lake lililetwa wiki iliyopita na dereva wa lori la kuni, aliyelikariri njia nzima asilipoteze: "Mwambie mwanangu aje na vidonge vyake. Navyo nitavitasia, vimlinde. Na avimeze mbele yangu, nisikie kwa masikio yangu."

Philemon anarudia maneno hayo, anageukia ngozi yake na kuitia chumvi palipokwisha kutiwa.

Edith naye ana jambo lake la Rukanga. Anakata uzi kwa meno na kuiweka nguo kando.

"Siku ile walitema wote, mimi sikuwako," anasema. "Nina hasira yangu nimeibeba miaka mitatu, ya vile vidonge alivyoviacha rafuni. Mwambie Baba Mghoi wanibakizie funda moja kwenye kibuyu. Safari hii na mimi nataka kutema."