Shangazi Kifungo na swali la pili

Ni asubuhi, darasa la kwanza. Shangazi Kifungo amepiga magoti mbele ya mvulana mwenye pengo la meno mawili. Nyuma yao walimu wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni.

"Asubuhi umekunywa nini, baba?" anamwuliza.

"Chai."

"Umekunywa nini?"

Mvulana anamtazama mwalimu wake, kisha dari. "Maziwa?"

"Umekunywa nini?"

"Uji," anajibu kwa sauti ndogo, machozi yakimlengalenga.

Walimu wanacheka. Shangazi Kifungo hacheki. "Ni chai, baba. Ulisema kweli tangu mwanzo. Mwenye kosa ni mimi."

Kisha anawageukia watu wazima. "Darasani mkirudia swali, mtoto anajua jibu la kwanza halikuwa sahihi. Ndivyo mlivyomzoesha. Sasa huyu aje na jambo zito, mmwulize mara kumi. Atawapa majibu kumi, halafu mtamwita mwongo."

Kicheko kinakatika.

Mama huyu si mwalimu wala daktari. Ni fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Siku mbili kwa wiki hufunga chumba chake cha kazi na kuzunguka shuleni, akiwafundisha watoto kwamba miili yao ni yao, na kwamba siri inayomnyima mtoto raha si ya kutunzwa. Malipo yake ni nauli, na wapo wakuu wa shule ambao hata hiyo huisahau.

Jina amepewa na watoto, kwa sababu ya mwanasesere wake wa kitambaa. Mwanasesere huyo ana masikio makubwa kama sahani, na mahali pa mdomo pameshonwa kifungo cha koti. Sheria ni moja: mtu mzima akimshika mwanasesere huyo, anaruhusiwa neno moja tu, "Nieleze." Baada ya hapo, kimya.

"Wazazi, kimya hicho huwashinda," anasema. "Baba mmoja alivumilia kidogo tu, akaanza kumsaidia mtoto kujibu. Nikamwambia, mzee, kifungo!"

Anacheka kidogo. Halafu anaeleza sheria hiyo aliinunua kwa bei gani.

Miaka kumi na moja iliyopita, binti yake wa pekee, akiwa na miaka sita, alirudi kutoka kwa jirani aliyekuwa akiwafundisha watoto hesabu. Alisimama mlangoni, akasema mwalimu amemgusa pasipofaa na kumkataza kusema. Alisema mara moja, kwa maneno machache, na yalikuwa kweli.

"Ningeishia hapo, nikamshika mkono tukaenda polisi, leo ningekuwa mtu mwingine," anasema mama yake. "Lakini nilichanganyikiwa. Alivaa shati gani? Mlango ulikuwa wazi? Mbona hukupiga kelele? Akisita, nauliza tena."

Akaja bibi, akauliza. Wakaja mashangazi, akaja na mwalimu mkuu. Penye wengi pana mengi: shangazi mmoja alitaka kujua kama mdogo wake yule jirani hakuwepo pia. Mtoto, hoi kwa usingizi, akaitikia kwa kichwa. Wote wakashika vichwa, naye akaona hatimaye amepatia.

Mdogo mtu siku hiyo alikuwa amelazwa hospitali, mji mwingine. Mahakamani, wakili wa jirani alianzia hapo na hakuhitaji kwenda mbali. Maelezo ya mtoto yanapishana, akasema hakimu. Jioni hiyohiyo jirani alikuwa nyumbani, dirisha lake wazi, redio ikiimba. Mtaani mtoto akabandikwa jina la mwongo. Mwezi haukuisha, mama na mwana wakahama.

"Wahenga walisema kuuliza si ujinga," anasema Shangazi Kifungo. "Mimi hawakunijua."

Lakini linalomkosesha raha mpaka leo si hukumu. Ni swali la binti yake walipokuwa wakishuka ngazi za mahakama: "Mama, ulikuwa unataka niseme nini?"

Tangu hapo binti hakulitaja tena jambo lile. Wala hasimulii mengine: rafiki, ugomvi wa shule, hata jino likimuuma. Ana miaka kumi na saba, mpole, mwenye heshima, na huitikia "Sijambo, mama" hata macho yakiwa yamevimba. Mama anaumia, na hathubutu kuuliza.

Shangazi Kifungo anataka kila shule apitayo iwe na mwanasesere wake kwenye ofisi ya walimu. Amebakiza wengi wa kushona, na binti humsaidia kila arudipo kutoka shuleni. Yeye hushona masikio. Kifungo humwachia mama.

Mchana huu wamekaa chumba cha kazi, vipande vya sare vimetapakaa sakafuni. Cherehani inanguruma. Ghafla binti anasema, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Mama, leo njiani..."

Mama anaacha kukanyaga. Mikono yake inabaki juu ya kitambaa, midomo ameibana.

"Basi, si kitu," anasema binti, na kuvuta uzi.

Mama anaitikia kwa kichwa. Kazi ya watu inangoja, lakini mguu haurudishi kwenye cherehani. Anakaa hivyo hivyo, kimya, asije akalikosa neno.