Pete Nene ya Mpingo

Harufu ya mpingo uliopigwa tupa hunirudisha Temeke ya enzi za Mwingereza, uani kwetu, mie binti wa miaka minane mwenye kidomodomo.

Baba alikuwa mpiga picha. Kwa baharia mmoja alinunua lenzi ya Kirusi, nzito kama mchi, ya kuvuta vitu vya mbali. Kumbe haikuingia kwenye kamera yake ya Kijerumani! Na Baba alikuwa na haraka. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa anarudi Newala Ijumaa, amedhoofu, na Baba hakuwa na picha yake hata moja. Bibi alikataa katakata. Alivaa ndonya, kile kipande cha mti cha urembo wa Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, na vijana wa sokoni walikuwa wamemcheka.

“Mnitie kwenye karatasi, wanicheke hata nikishaondoka?”

Basi Baba akaamua kumwibia picha kwa mbali.

Pete ya kuunganisha lenzi na kamera aliichonga Mjomba Fabiani, kaka yake mama, mchonga vinyago. Baba alimwambia iwe nyembamba kama sarafu. Wee! Mjomba na wembamba wapi na wapi? Aliichonga nene kama kidole gumba, akaitia na nakshi.

“Kazi ya mama hailipuliwi, shemeji,” alisema, anaipaka mafuta ya nazi.

Alhamisi asubuhi Baba alijibanza nyuma ya ua wa makuti. Mie nilitumwa nimpigishe Bibi soga akichambua kunde. Baba akachungulia kwenye kamera: ukungu mtupu. Unene wa pete uliisogeza lenzi mbali na filamu, ikawa haioni vya mbali tena, inaona vya karibu tu. Akasogea. Ukungu. Akanyata, akanyata tena, hadi hatua tatu mbele ya Bibi, lidude usoni, jasho linamtiririka. Nikaangua kicheko.

Bibi akainua macho. “Unaniibia, mwanangu?”

Baba akashusha kamera. “Naogopa, Mama. Naogopa nitausahau uso wako.”

Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akisema anaogopa. Kicheko kikanikauka.

Bibi akaziweka kunde chini. Kisha akaifuta ndonya kwa upindo wa kanga, akainua kidevu.

“Piga. Na yote ionekane.”

Hatukumwona tena. Miaka na miaka tulimtania Mjomba kwa pete yake iliyoharibu lenzi, naye akicheka nasi. Leo mie mwenyewe ni bibi, ndiyo kwanza naelewa. Ingekuwa nyembamba, wenzangu, tungekuwa na picha ya kikongwe anayechambua kunde, hajui lolote. Katika hii niliyonayo, Bibi anamtazama mwanawe.