Krimu ya Punje Moja

Miaka kumi Cheptanui amekamua ng'ombe huku Molo, na mafuta ya chuchu hupakwa kiganja kizima. Basi ile krimu ya vitamini A ya kutoa madoa usoni akaipaka vivyo hivyo, asubuhi na jioni. Nani alimtuma? Siku ya tano uso uliwaka moto, ukabambuka kama kiazi kilichochemshwa. Akampigia simu mama wa kemisti aliyemuuzia, roho mkononi.

"Si nilikuambia upake kiasi cha punje moja ya mahindi, tena usiku tu!" mama akafoka. "Dawa hii huharakisha ngozi mpya kuota, na ya zamani inatoka. Iache, uso utapona. Lakini huna mimba, sivyo? Inaweza kumdhuru mtoto tumboni."

Cheptanui akashika tumbo. Hata mumewe alikuwa hajajua.