Kufuli la Kisima cha Mama Hadija

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Masasi kabla hata mlango haujafunguliwa, nikakaa kizingitini nikiwaza kama kuwahi kupita kiasi nako ni utovu wa adabu. Mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Afya, alinikabidhi chupa za kupimia maji, akanitazama nilivyozipanga na kuzipanga upya.

"Unawaza sana, kijana. Huko Newala unakokwenda, uliza kabla ya kuagiza."

Nilikuwa na mkataba wa miaka miwili. Umekwisha mwezi uliopita, na ninyi mnaosomea afya ndio ninaowaandikia.

Kule Newala juu, kijijini nilikopangiwa, hakuna mto. Mwenye nyumba ya bati huchimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji, na maji ya mvua hushuka toka kwenye bati mpaka ndani. Mwenye nyumba ya nyasi hana pa kukinga. Kiangazi kikikaza, huchota kwa jirani. Tena haombi. Huweka ndoo kibarazani, husalimu, huuliza hali ya mikorosho, hadi mwenyewe aseme, "Kachote basi."

Jirani yangu Mama Hadija, mjane wa makamo, alikuwa na kisima ambacho nyumba saba zilichota. Watoto wa nyumba hizo walipoanza kuhara, nilipima maji yake. Maji yakigeuka meusi ndani ya chupa, yameingia kinyesi. Yaligeuka meusi. Kila mtu alikuwa akitumbukiza ndoo yake, iliyokwisha kukaa chini uani kwake penye kuku na watoto.

Nilikaa na chupa ile siku nzima nikihesabu njia za kukosea. Mwishoni nikachagua ile iliyoonekana salama kuliko zote: nikamwandikia barua yenye muhuri afunge kisima, atumie peke yake.

"Mwanangu," alisema, "nikifunga, nitazikwa na nani?"

"Ni kwa ajili ya watoto, mama."

Alinunua kufuli.

Majirani wakaanza kuteremka bondeni kutafuta maji alfajiri na kurudi jua limepanda, ndoo moja kichwani. Ndoo moja ni ya kunywa na kupika. Ya kunawa hakuna. Muuguzi wa zahanati alinionyesha daftari lake: kuhara kumezidi, na sasa watoto wanakuja na macho mekundu, yamejaa tongo.

"Bwana mdogo," aliniambia, "mtoto asiyenawa uso, nzi ndio wanaomnawisha."

Wiki hiyohiyo Mama Hadija alishikwa na homa. Nilimkuta amelala, jiko limepoa, na hakuna aliyekuja kumjulia hali. Kule mgonjwa hakosi watu ukumbini. Nilimchemshia uji, ukaungua.

"Hata uji unauwaza mpaka unaungua," alisema, akacheka kidogo. Kisha akageukia ukuta.

Kesho yake nikapita nyumba saba kusema kosa ni langu, si lake. Mama Saidi, aliyekuwa akichota kwake miaka yote, alinisikiliza huku anapepeta mahindi.

"Kumbe mtu wa afya naye hukosea? Na ile barua yenye muhuri je?"

"Nimeifuta, mama. Ila mchotaji awe mmoja, na ndoo ya kisimani iwe moja, itundikwe juu, isiguse chini. Anawamiminia wengine. Dawa ya maji nitaleta mimi."

"Hilo ungelisema mwanzo tungekataa?"

Alisimama, akaenda kwa Mama Hadija na kuni mkononi, nami sikualikwa kufuatana naye.

Kisima kilifunguliwa. Mama Saidi ndiye akawa mchotaji, na chupa zangu zikaacha kugeuka nyeusi. Jioni niliwasikia uani wakicheka. Mimi walinisalimu vizuri, kwa heshima, na kwa mbali. Ndivyo ilivyokuwa hadi siku niliyofunga mizigo.

Nilipokabidhi taarifa ya mwisho Masasi, palikuwa na sehemu ya kujaza chanzo cha ongezeko la wagonjwa. Nilikuwa nimeandika: ushauri wa afisa afya. Bwana Afya aliisoma mara mbili.

"Hii itakaa kwenye faili lako. Ungeweza kuandika ukame."

"Najua, mzee."

Alinisubiri nibadili mawazo, maana ananijua. Kisha akagonga muhuri.