Zamu Yangu ya Nyani na Safari ya Kreta

Koti la baba lilinuka moshi wa kuni, ugoro na mbwa aliyelowa mvua. Lilikuwa koti zito la mtumba, rangi ya matope, na nilipokuwa darasa la sita lilinifika chini ya magoti. Kila Alhamisi ya msimu wa mahindi nililivaa tangu alfajiri mpaka jua lielekee kuzama, pamoja na kofia yake iliyolika ukingo. Si kwa sababu ya baridi, ingawa Juni ya kwetu ina baridi ya kuuma meno na ukungu unaoshuka kutoka msituni ukafika mpaka mlangoni. Nililivaa kwa sababu ya nyani. Kijiji chetu kimeegemea msitu wa Ngorongoro, upande wa Karatu, na shamba letu ndilo la mwisho kabla ya miti kuanza. Kila mtu kwetu anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Akimwona mwanamume hukimbia angali mbali. Akiona gauni, huendelea kuvunja mahindi huku anakutazama usoni, akishiba anajikuna taratibu na kuondoka kwa wakati wake. Kwa hiyo msichana akipangiwa zamu ya kulinda, lazima kwanza afanywe mwanamume. Wazee waliliona jambo la kawaida kabisa. Mimi liliniudhi tangu siku ya kwanza na halijaacha kuniudhi. Wanasema nyani haoni kundule, lakini sketi ya mwenzake anaiona vizuri sana.

Nisiseme uongo, kulinda kulikuwa na raha yake. Tulikaa kwenye kichuguu katikati ya shamba, moto mdogo ukifuka pembeni, tukachoma mahindi mabichi mpaka midomo ikawa myeusi. Watoto wa mashamba ya jirani tuliitana kwa sauti ukungu ukiwa umetuficha, tukapashana habari za shule, tukatukanana kidogo, tukaimba. Tulikuwa na makombeo, na mimi kwa shabaha nilikuwa nawashinda kaka zangu wote wawili, jambo ambalo nyumbani halikutajwa mezani. Jioni ilikuwa zamu ya watu wote. Tembo wakitokeza pembeni mwa msitu, kijiji kizima kilitoka na madebe. Unapiga debe, unapiga kelele, unasonga mbele hatua tatu, unarudi mbili. Hakuna aliyetufundisha. Mtoto wa kwetu alijua kumfukuza tembo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Ila siku ya zamu huendi shule, na mimi shule nilikuwa naipenda.

Ndipo Mwalimu Sulle alipoingia darasani siku moja akiwa amevaa tai, akatuambia kwamba kampuni moja ya utalii imekubali kutupa magari matatu na madereva, ili darasa la sita lishuke kreta kwa nusu siku. Kreta ndivyo sote tunavyoliita lile bonde kubwa la Ngorongoro, wakubwa kwa watoto. Kila siku magari ya wageni yalipita kwenye barabara kuu kwenda huko, vumbi lao tunalijua kwa ladha, lakini katika darasa la watoto thelathini na kitu, aliyewahi kushuka alikuwa mmoja tu: Neema, ambaye baba yake alikuwa dereva wa watalii. Sisi wengine tulikuwa kama mtu aliyezaliwa ukutani mwa jiko la hoteli, harufu anaishiba, sahani hajaiona.

Tulipanga safari hiyo kwa wiki tatu, na mpaka leo sijaona mpango uliopangwa kwa uzito ule. Mwalimu alichora kreta ubaoni, ikatoka kama karai. Akaeleza kwamba basi haliruhusiwi kushuka, njia ni kali, ni magari yale marefu ya kufunguka juu tu. Tutaondoka saa kumi na moja alfajiri ili lango likifunguliwa tuwe pale. Kila mtu aje na sweta, maji, na boksi lake la chakula. Hilo la boksi lilitoka kwa Neema, aliyetuambia kwamba porini watu hawabebi sufuria, wanabeba lanchi boksi. Basi tukaanza kukusanya maboksi ya viatu na ya biskuti dukani, tukayapaka rangi, tukabishana ndani yake kuingie nini. Tukakubaliana viazi vitamu viwili, yai la kuchemsha na ndizi. Kila kitu kiliulizwa. Mwalimu, tukimwona simba tumsalimie vipi? Mwalimu, tukibanwa na mkojo? "Nawe bana mkojo," alijibu, na darasa zima likalala juu ya madawati. Mwisho akaandika tarehe ubaoni, na mbele ya tarehe akaandika siku. Alhamisi.

Nyumbani nilimkuta baba anatia jembe mpini. Nilimweleza yote, kuanzia karai mpaka yai. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Tembo wanakuja hapa wenyewe, hawajaitwa," alisema. "Wewe unataka kuwafuata kwao ukafanye nini? Ukawape pole ya safari?"

"Mwalimu amesema wote twende."

"Hao wote wana baba zao. Wewe una Alhamisi."

Nilimwendea kaka yangu mkubwa tubadilishane siku. Alikubali haraka mno, kwa masharti ya nyama yangu yote ya Krismasi, nami nikaitoa bila kusita. Baba akakataa. Kaka alikuwa kidato cha pili na Alhamisi hiyo alikuwa na jaribio la hesabu. Jaribio ni shule, alisema baba, safari yako ni matembezi. Nilipofungua mdomo kujibu, alihamia Kiiraqw, lugha aliyoitumia jambo likiwa limekwisha. Wiki nzima sikumsemesha. Niliosha vyombo kwa kuvigonganisha, nikafagia vumbi kuelekea alipokaa, nikamwaga maji ya kunawa karibu na miguu yake. Yeye alisogeza kiti tu. Boksi langu lilikuwa limekwisha kupakwa rangi ya bluu, nililisukuma chini ya kitanda ili nisilione.

Mama hakusema neno siku zote hizo. Mama ni mtu ambaye ukimwambia jambo anaendelea kupepeta maharage, na wewe hujui kama limeingia. Alhamisi niliamka mapema kuliko jogoo kwa sababu ya hasira, nikaenda kuchukua koti ukutani. Msumari ulikuwa mtupu. Nikamkuta jikoni, mbele ya moto, amelivaa yeye, amelifunga kwa kamba kiunoni, kofia ya baba imemkaa juu ya kitambaa cha kichwa. Kwenye jiwe la jiko lilikuwepo boksi langu la bluu, limefungwa. Lilikuwa la moto kwa viazi.

"Nenda," alisema. "Usikae nyuma ya gari, kuna vumbi."

"Na baba?"

"Baba yako amelala. Akiamka atanikuta shambani. Atafanya nini, atanibadilishia zamu?"

Nilikimbia mpaka shuleni. Gari letu lilikuwa la baba yake Neema, mtu mnene mcheshi mwenye kofia ya kijani, na tulipangwa humo kama mahindi gunzini. Langoni tukawakuta nyani wakifungua milango ya magari ya wageni na kutoka na mikate, wageni wakiwapiga picha na kucheka. Sikuamini macho yangu. Mtu anaibiwa chakula, anacheka. Tulipanda na ukungu msituni, hatukuona kitu zaidi ya mgongo wa gari la mbele, kisha tukaanza kuteremka, na katikati ya kuteremka ukungu ukabaki juu yetu kama dari. Chini kulikuwa na jua. Kulikuwa na nyika ya manjano isiyo na uzio wala jembe, na ziwa linalong'aa kwa mbali, na pundamilia wengi wamesimama kama watu wanaosubiri mkutano uanze. Neema mwenyewe, aliyekuwa ametutawala njia nzima kwa ujuzi wake, alisimama juu ya kiti kama sisi.

Tukafika kwenye miti ya migunga, ambako magari saba au manane yalikuwa yamesimama kimya, injini zimezimwa, wageni wamesimama na kamera. Baba Neema naye akazima. Baada ya muda akatoka dume la tembo, zee, pembe zinakaribia kugusa nyasi, akawa anakuja polepole kuelekea kwetu. Ningetamani kusema kwamba aliyeanza alikuwa mwingine. Nilikuwa mimi. Mkono wangu ulitangulia akili, ukapiga bati la gari kwa nguvu zote, na mdomo ukafuata: "Hooo!" Gari zima likaitikia. Watoto kumi na watatu tulipiga milango, tukapiga paa, tukapiga maboksi, na magari mengine mawili ya wenzetu nayo yakadakia. Tulifanya kazi nzuri sana. Tembo alisimama, akatandaza masikio, akageuka, akaingia mitini na hakuonekana tena.

Wageni walitutazama kama watu waliozimiwa taa harusini. Mwalimu Sulle alijifunika uso kwa daftari. "Jamani," alisema kutoka humo ndani, "hapa hakuna mahindi." Baba Neema akachukua redio ya gari, ile wanayoitumia madereva kuambiana alipo simba, akasema kwa utulivu kabisa: "Wakubwa, samahani sana. Leo nimebeba walinzi wa mashamba." Redio ikakwaruza, sauti ya dereva mwingine ikajibu: "Ukirudi nao washushe kijijini Rhotia, kwa mama yangu tembo wamemaliza gunia." Madereva wote wakacheka, gari moja baada ya jingine, wageni hawajui wanachochekea, nasi tukapona.

Tulimwona mwingine baadaye, karibu na kinamasi, na safari hii tulikalia mikono yetu. Nilikuwa nimewaona tembo zaidi ya wageni wote wale kwa pamoja, lakini siku zote ilikuwa jioni, ni kivuli na madebe na hofu ya kulala njaa. Sikuwahi kumwona akila kitu kisicho chetu. Huyu aling'oa fungu la nyasi, akalipigapiga kwenye mguu wake mpaka udongo ukadondoka, ndipo akatia mdomoni, kama mama anavyofanya na mchicha. Ana kope. Ndefu. Niliwaza kwamba nimeishi jirani na mtu huyu miaka kumi na miwili nami sikuwa najua ana kope.

Niliporudi jua lilikuwa bado lipo. Mama alikuwa kwenye kichuguu, kofia mkononi, na mistari mitatu ya mahindi ya upande wa msitu ilikuwa imelala chini. "Walinitambua saa nne," alisema. "Wale wakubwa walikaa mbele yangu wakala. Nimewarushia mawe mpaka bega limekufa." Baba alikuwa anaokota magunzi, amenipa mgongo. Nilimsimulia mama kila kitu, akaniuliza jambo moja tu, kama huko chini kuna baridi. Nikamwambia kuna jua. Akatazama msitu kwa muda mrefu, kisha akasema twende tukapike.

Leo nina mtoto wa darasa la tatu na naishi Karatu mjini. Mpango uliotuchukua wiki tatu, mimi na mume wangu tumeumaliza kwa mchana mmoja: gari la viti saba na dereva tumepewa na mwajiri wa mume wangu kwa Jumamosi moja, kibali kimeombwa kwa simu. Mwanangu amekwisha kuwaona simba wote wa dunia kwenye kioo cha simu, na hajui kushika kombeo. Kwenye grupu la wazazi wa darasa lake baba mmoja aliandika kwamba watoto wa Karatu hawana haja ya kupelekwa hifadhini, wanyama wako mlangoni. Niliandika jibu refu, nikalifuta, nikaandika kwamba amuulize mwanawe kama tembo ana kope. Tembea uone, tunawaimbia wageni, halafu wa kwetu tunawafunga shambani.

Jina la kwanza nililoliandika kwenye orodha ya safari ni la mama. Amekaa chini ya msitu ule maisha yake yote na hajawahi kushuka. Nilipompigia nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, kwa sababu ni Juni na mahindi yanakomaa, na kweli cha kwanza alichouliza ni nani atalinda. Nikamwambia baba atalinda. Nikasikia simu ikibadilisha mikono.

"Hilo gari lina viti vingapi?" aliuliza baba.

"Saba."

"Na nyinyi mko wangapi?"

Nikamuuliza anataka kujua kwa nini.

"Mimi ukingoni mwa kreta nimefika," alisema. "Nilikuwa natafuta ng'ombe. Nikasimama pale juu, nikatazama. Chini sijafika."

Miaka yote hii nimemkasirikia kwa kunizuia kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe alipaona kwa mbali tu, na sijawahi kumuuliza. Hasira haijaisha. Alipaswa kuniruhusu, na kama isingekuwa mama nisingeenda. Nikamuuliza kwa ukali, basi mahindi tunamwachia nani.

"Kwa siku moja tu nyani hawatamaliza shamba," alijibu.

Maneno hayo niliyahitaji nikiwa na miaka kumi na miwili, na yeye anayasema sasa, kirahisi, kama mtu anayesema mvua imekatika. Nilikuwa na mengi ya kumjibu na nilikuwa na haki ya kuyasema yote. Nikamwambia avae sweta nzito, tutawapitia yeye na mama saa kumi na moja alfajiri.